Maneno Aliyokuja Nayo Redio

Chuo kilipogawa shule za mazoezi ya kufundisha, binti mmoja aliangukia ile ya nyuma ya kiwanda cha magodoro, darasa la sita, somo la Kiingereza. Wenzake walimpa pole kana kwamba kafiwa. Darasa lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na Kiingereza chao kilianza na salamu ya asubuhi kikaishia hapo hapo. Ukiwauliza swali, wote wanainama kama watu waliodondosha sindano.

Mwalimu mwenye darasa alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye sauti ya kuitosha shule nzima, na watoto walimwita Madamu. Alipokuja huyu wa chuo, mwembamba, anayeongea kama anayeomba samahani, hawakuhangaika kutafuta jina. Yule akawa Madamu Mkubwa, huyu akawa Madamu Mdogo, na mambo yakaisha.

"Hawa wanakiogopa Kiingereza kuliko kuchomwa sindano," Madamu Mkubwa alimwambia siku ya kwanza huku akimkabidhi chaki. "Ukiwafumbua midomo nakuvulia kofia. Ila usijiumize, mwanangu. Wewe unapita tu."

Mwanzo ulimtoa jasho. Kitabu kilitaka wafundishwe mazungumzo ya uwanja wa ndege, naye akachora ndege ubaoni, mbawa zikatoka kama masikio ya sungura. Watoto walifurahi sana. Kipindi kizima kikaishia kwenye ubishi, kwa Kiswahili kitamu kabisa, kwamba rubani akibanwa na haja ndogo anasimama wapi.

Aliyemwokoa alikuwa Redio.

Redio alikuwa binti wa miaka kumi na miwili hivi, mwenye mwanya, na nywele zilizosukwa vizuri kuliko za mtu yeyote shuleni pale, walimu wakiwemo. Mama yake alikuwa msusi. Jina la Redio alipewa kwa sababu kila alichokisikia alikitoa kama kilivyoingia, na sauti yake. Alimtoa mwalimu mkuu akikohoa kabla ya kutangaza. Alimtoa mtu wa gari la matangazo. Na alipotoa Kiingereza cha katuni za kwenye televisheni ya jirani, ungesema kazaliwa nacho.

Kwa kumsikiliza yeye, Madamu Mdogo akapata wazo. Kila Ijumaa mtoto aje na neno moja la Kiingereza aliloliokota nje ya shule: kwenye mfuko wa saruji, kwenye fulana, popote. Mwalimu ataligeuza kuwa kitendo mpaka walielewe. Ijumaa ya kwanza mmoja alileta "fragile" kutoka kwenye boksi la glasi, na mwingine akaleta "made in", akauliza hiyo ni nchi gani, maana vitu vingi vinatoka huko. Darasa likacheka, naye akacheka, na bila wao kujua midomo ikawa imefunguka. Madamu Mkubwa alisimama mlangoni akitazama, mikono kiunoni. Baadaye ofisini Madamu Mdogo alimsikia akiwaambia wenzake, "Huyu binti kazi anaiweza."

Basi Ijumaa iliyofuata Redio akasimama na neno lake. Lilikuwa "spread".

Madamu Mdogo alilipenda mara moja. Alijifanya kupaka siagi kwenye mkate. Halafu, kwa kuwa alikuwa amekolea, akamwagiza mtoto mmoja glasi ya maji, akachukua kalamu yake, akaibinya, tone moja la wino likaingia. Lilisimama kidogo, kisha likaanza kujivuta, nyuzinyuzi za buluu zikienda huku na huku, hadi maji yote yakabadilika. Mwanzo lilikuwa hapa, alisema kwa Kiingereza akionyesha kidole. Sasa liko wapi? Kila mahali, darasa likajibu kwa pamoja.

Redio yeye alikuwa akiitazama glasi.

"Madamu, unaweza kuutoa?"

"Kutoa nini?"

"Wino. Yabaki maji."

"Aa, hapana," Madamu Mdogo alisema akicheka. "Ukishasambaa umesambaa."

Ijumaa nyingine Redio akaja na "comfortable". Hilo nalo likawa tamasha. Mwalimu aliweka sweta lake kwenye kiti kama mto, akakaa, akanyoosha miguu, akafumba macho, na watoto wakapanga foleni kila mmoja akitaka kukaa. Katikati ya kelele zile Redio aliuliza, "Mtu akiwa comfortable ndiyo amepona?"

"Si lazima. Ni kwamba hasumbuki."

Redio akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye dawati lake. Hakupanga foleni.

Wengine walipokwisha kuondoka, alimfuata mwalimu kwenye korido. Alisema ana neno jingine ambalo hakutaka kulisema mbele ya wenzake. Akalitoa: "palliative". Alilitoa kwa sauti nzito, taratibu, na lafudhi ambayo haikuwa ya televisheni. Ilikuwa ya mwanamume mzima, mtu wa mbali.

Madamu Mdogo hakulijua. Aliona aibu, akasema ataliangalia. Ofisini kulikuwa na kamusi nene iliyopoteza jalada, inayotumika zaidi kuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Aliinama akaichukua, mlango ukajibamiza. Akasoma maelezo ya lile neno amesimama: matibabu ya kumtuliza mgonjwa asiyeweza kuponywa. Akayasoma tena amekaa.

Redio alikuwa bado anamsubiri nje.

"Umelisikia wapi?"

"Kwa daktari wa mama."

Habari ikatoka vipande vipande. Mama alikuwa na maradhi ya tumbo. Kutoka zahanati wakampeleka hospitali kubwa, na huko daktari alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili hata cha kuomba maji. Nesi aliyekuwa akiwatafsiria wagonjwa alihamishiwa wodi ya wazazi. Yule aliyebaki alikuwa peke yake kwenye mizani na mafaili, na foleni ilifika getini. Siku moja daktari alipouliza kitu na mama akabaki kumtazama, Redio alijibu. Daktari alifurahi sana. Akamsifia. Tangu siku hiyo wakawa wanakwenda pamoja.

"Na mama unamwambia nini?"

"Namwambia anachosema daktari." Redio alishika ncha ya msuko wake mmoja, akaizungusha kidoleni. "Sio chote."

"Ile ya... ya wino. Daktari alisema imesambaa?"

"Mimi nilifikiri ni kitu kizuri," Redio alisema. "Nilifikiri anasema dawa ndiyo imesambaa. Nikamwambia mama hivyo. Halafu wewe ukatuonyesha."

Madamu Mdogo alimwendea Madamu Mkubwa, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwendea. Yule mama alisahihisha madaftari mawili kabla ya kujibu, na alipojibu ile sauti yake ya shule nzima ilikuwa imeshuka mpaka chini.

"Haya mambo yana wenyewe. Mhadhiri wako anakuja kukukagua, una majuma yako machache hapa, halafu unaondoka. Ukiingia kwenye familia ya watu utatokea wapi?"

"Lakini ni mtoto, Madamu."

"Najua ni mtoto. Unadhani ni wa kwanza? Mimi nimeshaingia, mwanangu, tena si mara moja, na sikumfaa mtu. Mfundishe. Mpende. Zaidi ya hapo huna."

Pengine angetii. Lakini siku chache baadaye Redio alikuja na ujumbe: daktari kakataa kusema tena kupitia mtoto. Anataka mtu mzima anayejua Kiingereza. Mama anatoa salamu nyingi, anamwomba Madamu, kama hatajali, awasindikize.

Unakataaje ombi kama hilo? Akaenda.

Mama yake Redio alikuwa mwanamke mrefu aliyekonda hivi karibuni, ungejua kwa jinsi nguo zilivyomning'inia. Alivaa kitambaa kipya kichwani, kilichopigwa pasi, kama mtu anayekwenda kwenye sherehe ya watu wa heshima. Alimpokea mwalimu kwa mikono yote miwili. Kwenye benchi alimsimulia kila mtu aliyekaa karibu kwamba huyu ndiye mwalimu wa mwanawe, huyu ndiye aliyemfanya mtoto aongee kama mzungu. Madamu Mdogo alitamani benchi limmeze. Mama alipokwenda kupimwa uzito, Redio alimsogelea.

"Ukiingia wewe kaa tu. Mimi nitasema."

"Daktari hataki wewe useme."

"Ndiyo, lakini mama amenizoea mimi."

Chumba kilikuwa kidogo, na pazia la kijani na kitanda chembamba. Daktari alikuwa amekunja mikono ya shati, macho mekundu kwa uchovu. Alimshukuru mwalimu kwa kuja. Kwanza aliomba mtoto atoke nje. Madamu Mdogo alipotafsiri hilo, mama alimvuta Redio ubavuni.

"Atoke aende wapi? Huyu ndiye masikio yangu."

Daktari aliwatazama, akaacha. Kisha akaanza kusema, polepole, sentensi fupi fupi, kama mtu aliyekwisha kuyasema haya mara nyingi na bado hajayazoea. Dawa hazifanyi kazi tena. Hakuna nyingine ya kujaribu. Watampa za kutuliza maumivu, arudi nyumbani. Muda uliobaki si mrefu. Ni miezi, labda pungufu. Angemshauri awaite ndugu zake. Angemshauri aamue mapema mtoto atabaki na nani.

Alinyamaza, akamfungulia mwalimu kiganja: sasa ni wewe.

Kiingereza chote alikielewa. Hakuna neno lililompita. Alikuwa amekisomea miaka yote ile, na hakuwahi kukielewa vizuri kama siku hiyo.

"Mama," akaanza. "Daktari anasema, zile dawa..."

Mama alikuwa akimtazama usoni, ametulia kabisa, akimsubiri. Redio yeye alikuwa anatazama sakafu. Madamu Mdogo akaanza tena. "Anasema zile dawa..."

"Zimemaliza kazi yake, mama," Redio akasema bila kuinua macho. "Sasa watakupa za maumivu tu. Ukapumzike nyumbani."

Hapakuwa na neno la uongo hata moja katika maneno yale. Mama aliyapokea, akayapima, kisha akamgeukia mwalimu.

"Ndivyo, Madamu?"

Kulikuwa na saa ukutani, na feni, na sauti ya nesi nje akiita jina la mtu. Angeweza kusema hapana.

"Ndivyo, mama."

Mama alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. Akamshika daktari mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia "thank you", Kiingereza alichokuwa nacho. Daktari alishangaa kidogo kuuona uso ule. Akamuuliza mwalimu kama mama ameelewa yote, na la mtoto pia. Madamu Mdogo akasema ndiyo. Baada ya ile ndiyo ya kwanza, ya pili ilitoka yenyewe.

Njiani mama alikuwa mchangamfu. Alimwambia Madamu Mdogo kwamba nywele zake zinakiaibisha chuo kizima, aje Jumamosi asukwe, na asithubutu kusema habari ya kulipa.

Jumamosi akaja. Alijiambia anakwenda kurekebisha mambo. Alikaa chini kwenye mkeka, kati ya magoti ya yule mama, kichwa kimeinamishwa, na vidole vikaanza kupita, vyepesi na vyenye uhakika. Mama aliongea. Akipata nguvu atakodi chumba kule barabarani, aweke kioo kikubwa na viti vitatu, maana kusukia barazani ni kuwapa wambea starehe. Redio atakwenda shule ya bweni. Kila baada ya mistari michache vidole vilisimama, na pumzi ikasikika juu ya kichwa chake, kisha vikaendelea.

"Mama," Madamu Mdogo alisema, akiutazama mkeka. "Kuhusu yale ya daktari."

Vidole vikatulia. Mlangoni Redio alikuwa akiosha vyombo; maji nayo yakanyamaza.

"Ee, mwanangu?"

"Alisema... usinyanyue vitu vizito."

"Hilo nalijua," mama akasema, na kuendelea kusuka.

Hakumaliza. Upande wa kushoto ulibaki umefumuka, akasema mkono umemchoka, watamalizia siku nyingine. Madamu Mdogo alifunga kitambaa akarudi nacho hivyo hivyo.

Mhadhiri wa chuo alikuja katikati ya juma. Alikaa nyuma ya darasa, miwani kwenye ncha ya pua, akalikagua andalio la somo, akakagua zana, akasikiliza watoto wakibishana kwa Kiingereza kilichovunjika lakini kinachotembea. Baadaye alimpa mkono. Alisema katika ukaguzi wake mwaka huo hajaona darasa linaloongea namna ile. Madamu Mdogo alishukuru. Macho yake yalikuwa kwenye dawati la Redio, pale mbele, ambalo siku hiyo lilikuwa na mtoto mmoja badala ya wawili.

Mama alikuwa ameanguka usiku uliopita. Alilazwa, na alipolazwa hakusema tena. Majirani ndio waliotafuta namba ya ndugu yake kwenye simu, wakapiga. Mama mdogo wa Redio alisafiri kwa basi mchana kutwa, akamkuta dada yake anapumua tu. Kama alimsikia au la, hakuna aliyejua. Akafa kabla ya Ijumaa.

Madamu Mdogo alikwenda msibani, akakaa na wanawake, akamenya vitunguu. Redio alikuwa kwenye kona, kazungukwa na shangazi wa mtaa, hakulia mbele ya watu. Walitazamana mara moja tu.

Juma lililofuata mama mdogo alikuja shuleni kuchukua uhamisho. Alifanana na dada yake, ila mfupi na mwenye maneno ya haraka. Alipomaliza na mwalimu mkuu aliuliza yuko wapi mwalimu wa Kiingereza, akaletwa ofisi ya walimu, Redio nyuma yake.

"Wewe ndiye uliyekwenda naye kwa daktari?"

"Ndiyo, mama. Pole sana."

"Asante." Hakukaa alipoonyeshwa kiti. "Nilimwona yule daktari. Nesi wa wodini akanitafsiria. Anasema dada alielezwa kila kitu, na wewe ulikuwepo. Alishauriwa aite ndugu. Ndiyo nakuuliza, mwalimu, unisaidie, maana mimi nimeshindwa. Ndugu yake ni mimi tu. Tulikuwa tumenuniana, upuuzi tu wa kina dada, nilijua utaisha. Alijua anakufa, na hakunipigia simu?"

Madamu Mdogo alimtazama yule mwanamke, kisha Redio, aliyekuwa amesimama mikono nyuma kama yuko mstarini. Angesema dada yako hakujua, angeulizwa kwa nini hakujua. Na jibu la swali hilo lilikuwa limesimama pale, limevaa sare.

"Hakujua," akasema. "Sikumwambia."

"Hukumwambia vipi?"

"Nilishindwa. Daktari alinieleza, nikashindwa kumfikishia. Ni mimi."

"Si wewe ni mwalimu wa Kiingereza?"

"Bado ni mwanafunzi."

Mama mdogo aliketi sasa. Alikaa kwa muda akifungua na kufunga zipu ya mkoba wake. "Kwa hiyo angejua," alisema hatimaye, "angenipigia."

"Angekupigia," Madamu Mdogo alisema, jambo ambalo hakuwa na namna yoyote ya kulijua.

Yule mwanamke akalia. Alilia vibaya, bila kujifunika, na Madamu Mkubwa akainuka kwenye meza yake kwenda kumshika mabega. Alipotulia alijifuta kwa ncha ya khanga, akasimama.

"Mungu akusamehe, binti," alisema. "Mimi kwa leo siwezi."

Redio aliomba ruhusa akachukue sweta lake darasani. Madamu Mdogo alimfuata. Watoto walikuwa nje, mapumziko, chumba kimejaa vumbi la chaki na jua. Alikuwa ametayarisha la kumwambia tangu siku ya msiba: kwamba si kosa lake, kwamba mtoto habebeshwi mzigo ule. Alipofungua mdomo Redio alimuwahi.

"Tungemwambia, angepona?"

"Hapana. Asingepona."

Redio akafikiri. "Lakini mama mdogo angekuja."

Redio alifunga sweta kiunoni, mikono yake mafundo mawili, kama alivyokuwa akifanya siku zote.

"Naitwa," akasema, ingawa hakuna aliyeita, akatoka.

Madamu Mdogo alikwenda dirishani. Waliukata uwanja, mama mdogo mbele na mkoba wake, Redio nyuma hatua kadhaa, hawasemeshani. Walipofika barabarani lori la magodoro lilikuwa linatoka kiwandani. Mama mdogo alirudisha mkono nyuma bila kugeuka, akamshika mtoto kiganja, wakasubiri. Lori likapita, wakavuka bado wameshikana. Upande wa pili kulikuwa na ukuta wa kiwanda, na walipoufikia hakuweza tena kuwaona. Nyuma yake watoto walikuwa wameanza kurudi darasani, na mmoja, kwa Kiingereza, akamuuliza leo wanasoma nini.